Mahindi Yaliyohamia kwa Cecilia

Morogoro,
20 Aprili 1913.

Mpendwa Mjomba Lukasi,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute huko Tabora ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Noeli kiwe kimekuachia. Huko kwenye reli mnakula nini siku hizi? Kama bado ni yale maharage yenye wadudu, tunakuhurumia, ingawa huruma haishibishi mtu. Mimi sijambo. Vidole vina chale za kisu na macho yanawasha jioni, lakini nakula na nalala vizuri.

Neno ulilotuma baada ya Noeli lilinifika. Ulisema shamba la marehemu mama, lile la juu ya kijito, limelala mwaka mzima, na masika haya yakipita likiwa bado pori utampa Cecilia, mtoto wa mama mdogo, kwa sababu ardhi ya ukoo hailali bure. Mjomba, niliumia sana. Sikujibu kwa kuwa ulisema kweli. Sasa nina la kujibu.

Kwanza ujue kazi yetu ilivyo, usije ukadhani nililiacha shamba kwa uvivu. Ulanga, yale mawe yanayong'aa kama kioo, huchimbwa huko milimani na kushushwa hapa mjini, nasi wanawake tunakaa chini bandani tukiuchana kwa visu, tabaka kwa tabaka, mpaka uwe mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukifanya haraka, unavunjika. Ukienda taratibu, nyapara Hatibu yuko nyuma yako. Yule baba alikuwa na neno moja tu, upesi, na alilisema tangu asubuhi hadi jua kuzama. Wapo waliokuwa wakichana huku wanalia.

Basi mvua za kupandia zikianza tu, banda linabaki tupu. Mwaka jana tulikuwa arobaini, tukabaki kumi na mmoja. Kila mtu aliacha kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku thelathini, hakijafika hata nusu, akapanda mlima na jembe. Mimi nikabaki, nikajiona hodari, na shamba la mama likaota magugu. Wapya walioletwa hawakujua hata kushika kisu. Ulanga ukavunjika, Bwana mwenye banda akamfokea Hatibu, Hatibu akatufokea sisi, na wale wapya nao wakakimbia.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimwendea Hatibu. Nikamwambia wanawake hawaikimbii kazi, wanayakimbilia mashamba. Aache kipande kimoja kishikwe na wawili: mmoja achane ulanga, mwenzake alime mashamba yao yote mawili, kisha wabadilishane. Alinitazama kama nimepandwa na pepo. Lakini mkewe, Mwajuma, alikuwa ameshaliacha banda mara mbili kwenda kulima, na Hatibu alikuwa anajipikia mwenyewe. Akakubali.

Mwenzangu wa kipande ni Mwanaheri, mtoto wa mjini, mpole, na mikono yake kwenye ulanga ni myepesi ajabu. Zamu ya kwanza ya shamba ilimwangukia yeye. Nikamweleza njia, nikampa mbegu na kumtajia mpaka. Namna ya kupanda sikumwambia, maana nani hajui kupanda? Kumbe Mwanaheri amekulia kwenye tambarare. Alichimba mistari iliyonyooka toka juu mpaka chini, kama barabara ya Wadachi. Mvua ikapiga siku mbili, maji yakafuata mistari yake, na mbegu zote zikahamia shamba la chini. Shamba la chini unalijua, ni la Cecilia.

Wiki iliyofuata Cecilia akatokea bandani na miche ya mahindi mkononi. Akasema mbele ya watu wote, "Dada, mahindi yako yamekuja kukaa kwenye maharage yangu, na hata hodi hayakupiga."

Banda zima likacheka, hata Hatibu aligeukia ukutani. Mimi nilitaka kulia. Masika ndiyo hayo, shamba tupu, na aliyekuja kunipa habari ndiye mwenye kupewa. Nikamwambia alichukue, Mjomba ameshasema.

Kumbe hukumwambia. Alikaa chini kando yangu, akaiweka ile miche sakafuni. Kisha akaniuliza mama alikuwa akianzia kupanda upande gani wa lile jiwe kubwa.

Kesho yake akapanda mlima na Mwanaheri. Wakalima upya, safari hii matuta yakikata ubavu wa mlima ili maji yasipate njia. Ile miche iliyomea kwenye maharage yake Cecilia aliing'oa mmoja mmoja kwa udongo wake, akairudisha shambani kwa mama. Nami nikampa zamu kwenye kipande chetu, kwa hiyo sasa tuko watatu. Bandani mwaka huu wametoka wawili tu. Neno la Hatibu siku hizi ni polepole, ingawa hulitoa kwa shida, kama anayemeza dawa.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kuyaona mahindi. Yamefika magotini. Nilisimama pale jiweni nikafurahi mpaka nikaona haya.

Cecilia yuko hapa nikiandika, na nimemsomea yote. Anakuamkia, na anasema shamba la mama lina mwenyewe. Yeye akihitaji shamba atalima lako, Mjomba, kwani tangu uende kwenye reli limelala miaka mitatu, na wewe ndiwe uliyesema ardhi ya ukoo hailali bure.

Bibi Anastasia anakusalimu, na Kristina pia, amejifungua mtoto wa kike. Nisalimie Alois uliye naye huko. Mungu akulinde na kila chuma kizito, akurudishe kwetu kabla ya vuli, ikiwa unataka kulikuta shamba lako bado ni lako.

Mpwa wako akupendaye,
Modesta