Habu ya Gia Tatu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Cheni ya baiskeli imechomoka tena! Pale pale kituoni Bonga, mbele ya bodaboda wote. Suruali ya kazini imeliwa mpaka gotini. Nimeingia ofisini naficha mguu kwa faili. Basi. Nataka gia za ndani – zile zinazojificha kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, hazioni vumbi wala suruali ya mtu.

Jumatano, 5 Juni
Kwa fundi Shomari, sokoni. Ana magurudumu mawili ya mtumba wa Japani. Moja lina gia nane na breki ya mkono. Lingine gia tatu, na ukitaka kusimama unakanyaga pedali kinyumenyume. Lipi linadumu? Akasema yote yanadumu, mradi asiyafungue yeye. Ndani hajawahi kuona! Angalau mkweli.
Salimu wa masjala anasema nane. Gia tatu ni za watoto. Nane zinanivutia, kusema kweli. Mke wangu Nailejileji alikuwa anachuja maziwa yake ya kuuza. Kauliza kitu kimoja tu: kwani toka hapa mpaka mjini kuna milima minane?

Alhamisi, 6 Juni
Nimechukua tatu. Kimya! Kilima nimekipanda bila kushuka. Nimejiona kijana.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Mimi nikimwamkia mtu barabarani huwa narudisha pedali nyuma, tangu utotoni, basi tu, heshima. Leo nikakutana na mzee Hatibu mwenye duka. "Shikamoo" – baiskeli ikasimama. Mimi nikaendelea. Nimetua kwenye beseni la samaki la Mama Zawadi. Mzee kaitikia marahaba akiwa anachungulia nilikoangukia. Mama Zawadi akasema samaki niliowakalia ni wangu sasa. Tumekula perege.

Jumamosi, 8 Juni
Nikatangaza: nalirudisha, nachukua la gia nane. Nailejileji akasema ngoja. Akavaa suruali yangu ya shamba, akaitoa baiskeli nje. Kwao Simanjiro kaka zake ndio waliopanda, yeye alisukuma tu. Kaanguka. Kaanguka tena. Halafu akaenda! Hajui breki nyingine, miguu yake haina cha kusahau. Akauzunguka uwanja wa mpira akicheka peke yake. Kicheko kile sijawahi kukisikia tangu tuoane. Nikabaki nimemshikia kanga.

Jumapili, 9 Juni
Kaenda nayo kanisani. Mimi nimepanda bajaji.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetoka na kofia yangu ngumu ya kuendeshea – baiskeli haipo! Iko getini. Madumu ya maziwa yananing'inia kwenye usukani, Nailejileji juu ya siti. Anayapeleka mjini mwenyewe.
Nikasema, "Mama Lemaron, na mimi nafikaje kazini?"
Akapigapiga karia nyuma yake. "Panda, Baba Lemaron."
Nibebwe na mke! Bonga nzima imeamka. Jirani Aniceti ameshatoka na chai yake, na kigoda. Nimerudi ndani nikisema kuna kitu nimesahau. Sijasahau kitu. Naandika nimesimama.
Kengele ya baiskeli. Anauliza, wewe, unakuja?
Kengele tena. Kofia bado iko kichwani. Sijui kwa nini sijaivua.