Bustani Iliyong'olewa Siku Moja Kabla ya Ukaguzi

Chumba cha Habari, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 218.
Jumatatu, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kazi hii imeniharibu, kwa hiyo leo nipe ruhusa nitangulize habari, salamu zifuate. Saa nne asubuhi ya leo, afisa wa mfuko wa ruzuku za bustani za shule amempigia dada simu na kumwambia kwamba shule yake imepata. Shule arobaini na moja ziliomba, sita zimepewa. Barua rasmi imeingia mchana. Nimeisoma mwenyewe, mara mbili.

Sasa salamu. Goti linaendeleaje? Binamu ananiambia umeacha mkongojo na unapanda ngazi bila kushikwa. Kama ni kweli, nafurahi. Kama ulimwagiza aseme hivyo, rudi kwa daktari. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Baba ameng'olewa jino na kwa wiki nzima amezungumza nusu nusu, jambo lililoleta utulivu nyumbani.

Nirudi kwa dada. Alishakueleza kwenye simu kuhusu uwanja wa shule yao: mteremko mtupu unaofagiliwa kila asubuhi hadi unang'aa, na mvua ikinyesha tope lote linaingia darasa la kwanza, watoto wanasoma miguu ikiwa juu ya madawati. Aliamua kuupanda mimea ya asili ya huku kwetu, majani na vichaka vilivyokuwepo kabla shule haijajengwa, si maua ya kununua. Mfuko ulikuwa na sharti: shule ioneshe bustani ya majaribio iliyostawi miezi sita, na afisa aje aione kwa macho yake.

Basi yeye na darasa la sita wakachimbua miche kandokando ya reli, wakaipanda nyuma ya tangi la maji, wakaipima kila Ijumaa. Aina kumi na tisa. Walimu wenzake walimtania kwamba ndiye mtu wa kwanza kulea magugu kwa rula.

Siku moja kabla ya ukaguzi, dada alikwenda mjini kuchapisha ramani, nami nikamrudisha kwa gari. Tulipofika, bustani haikuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza mstarini kwamba wageni wanakuja na hataki kuona hata jani. Mhudumu wa usafi, ambaye shule nzima humwita Mzee Fagio, alilichukua agizo kama lilivyo. Tulimkuta amesimama na reki yake, ardhi imenyunyiziwa maji ili isitimue vumbi.

"Mwalimu, umeona?" alimwambia dada. "Sasa hata sindano ikidondoka utaiona."

Dada alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akauliza takataka zimetupwa wapi. Zilikuwa shimoni nyuma ya jiko, hazijachomwa kwa sababu zilikuwa mbichi.

Mwalimu mkuu aliona aibu, hilo nalisema kwa haki yake. Akashauri yaletwe haraka maua ya vyungu kutoka kwa muuza maua wa barabarani, yachomekwe pale, afisa hatajua. Dada hakupandisha sauti. "Mkuu, nimewafundisha watoto kupima kwa miezi sita. Siwezi kuwafundisha kudanganya kesho saa tatu."

Asubuhi mimea ilikuwa imetolewa shimoni na kulazwa juu ya magunia kwenye baraza ya darasa la sita, mizizi imeoshwa, kila mmoja na jina lake, daftari la vipimo pembeni. Afisa, mama mmoja mrefu asiyetabasamu ovyo, alimsikiliza dada bila kumkatiza, kisha akauliza ni nani aliyeing'oa. Mwalimu mkuu akawa anatazama viatu vyake.

Mzee Fagio akanyoosha mkono. "Ni mimi, mama. Niliambiwa nisafishe, nikasafisha. Ila haya majani marefu yalinitesa. Tulivuta watu wawili, na bado mizizi mingine imebaki chini."

Afisa akamwomba arudie, akaandika. Alichokuja kutafuta ni kama mimea hii inaweza kushika udongo wa mteremko, na hakuna mtaalamu ambaye angemjibu vizuri zaidi ya hapo. Akaenda nyuma ya tangi, akachokoa kwa kijiti, akakuta mizizi iliyobaki ingali imeukamata udongo. Aliondoka bila kutoa ahadi yoyote. Wiki mbili zilizofuata dada alikuwa akishtuka kila simu ikilia.

Ruzuku imekuja na sharti jipya: Mzee Fagio ahudhurie mafunzo ya siku mbili ya kutambua mimea kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Amekubali, ila anataka cheti, na kiwe na picha.

Shangazi, nimeandika habari za watu kwa miaka ishirini na sita. Hii siwezi kuipeleka gazetini. Mhariri atasema ni ya dada yangu, na atakuwa na haki. Basi naiandika kwako. Angeweza kudanganya, na huenda hakuna ambaye angejua. Hakudanganya, na amepata. Najivunia kuwa ndugu yake. Baba ameibandika nakala ya barua kwenye mlango wa jokofu, yeye ambaye hata picha ya harusi yake aliifungia kabatini.

Msalimie sana mumeo, binamu na mkewe, na yule mdogo wao anayegeuza sufuria kuwa ngoma. Mungu akupe afya na siku nyingi, nasi atupe nauli ya kuja kukuona.

Mafunzo ni Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo. Dada amemwomba mwalimu mkuu jambo moja tu, kwamba tangu sasa tangazo lolote la usafi lipitie kwake kwanza, naye amekubali mbele ya walimu wote. Mashimo yanaanza kuchimbwa Jumamosi tarehe 21, saa moja asubuhi.

Akupendaye, hata akichelewa kuandika,
Mtoto wa kaka yako