Nimeolewa, Wala Sijafiwa

Jumamosi, mchana. Joto, na mvua inatishia tu bila kunyesha.

Mwanangu Zainabu kalala sasa hivi, penseli yangu mkononi. Kachora kaderno langu lote, daftari langu la Kiingereza, mistari inapanda, inashuka, kisha kichwa kikamwangukia juu ya kazi yake. Nimejaribu kuivuta penseli, kaing'ang'ania. Nimemwachia. Naandika kwa simu.

Nina jambo la kukiri.

Alhamisi nilikwenda kwenye ile nyumba ya wageni inayotaka kufunguliwa karibu na bandari. Wanatafuta mtu wa kupokea wageni. Entrevista, ule usaili wenyewe, ilikuwa kwa Kiingereza, na aliyeuliza ni mama mmoja wa kigeni, mpole. Jina, nikajibu. Umri, nikajibu. Akauliza kama nimeolewa. Nikafikiri: kuolewa ni jambo lililokwisha kufanyika, tena nilifanyiwa. Nikajibu bila wasiwasi: "I was married."

Yule mama akaweka kalamu chini. Akamtazama Zainabu mgongoni kwangu, akashusha sauti, akanipa pole. Nikashukuru. Nilidhani ni pole ya jua.

Mji huu una wajane wengi. Hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili.

Akasema nirudi Jumatatu, nianze majaribio.

Jana nikamsimulia professora, jirani yetu anayetufundisha barazani kwake. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba ile "was" ni ya jambo lililopita likaisha, yaani nimesema mume nilikuwa naye na sasa sinaye. Akauliza, kwa Kireno ningesemaje? Sou casada, nikajibu papo hapo. Basi kwa nini sikupitia huko? Sijui. Nikiogopa, napitia lugha ya kwetu.

Baba Zainabu nilipomwambia, alimaliza tonge lake. Halafu akasema, "Basi mletee marehemu maji anawe."

Tangu hapo hana jina jingine. Leo asubuhi marehemu kaomba chai, marehemu kaulizia shati lake.

Nacheka naye, lakini moyo hautulii. Kazi hii naitaka sana. Ila Alhamisi, kwenye benchi la kusubiri usaili, nilikaa na dada mmoja aliyefiwa kweli, ana watoto watatu. Huruma niliyopewa mimi ilikuwa yake.

Sasa namtazama Zainabu, na naona kitu ambacho kitabuni hakikuniingia. Amelala. Sisemi alilala, maana yuko hapa, anakoroma. Hiyo "me" yetu inasema mtu alivyo saa hii: amelala, amechoka, ameolewa. Kiingereza hapo kinataka "is". She is asleep. She is tired. She is married. Nimezisema mara kumi, polepole, nisimwamshe.

Kumbe nilikuwa najua. Sikujua tu kwamba najua.

Jumatatu nitakwenda. Kabla hata sijakaa nitasema: I am married. My husband is alive. Akinirudisha nyumbani, nirudi na ukweli wangu. Akinibakiza, basi nimebaki kwa ajili yangu mwenyewe, si kwa maiti ya mtu mzima anayekula sahani mbili. Na kama akiniuliza kwa nini nilisema vile, nitamweleza kwamba kwetu sisi mtu akisha kuolewa—

marehemu ananiita uani, sabuni imemwingia machoni, anataka nimpe maji.