Bibi Wawili kwenye Simu Moja

Ndugu yangu wa bweni, natangaza rasmi kwamba leo nimetetea haki za wagonjwa wote duniani.

Yaani nimepiga simu kliniki nikijifanya bibi yangu 😂😂

Unajua tangu apandikizwe figo, dawa zinamshusha kinga. Walikuwa wanampima Korona kila wiki. Sasa wanasema wanampima akionyesha dalili tu. Bibi huyu akingoja dalili, atakuwa amechelewa!

Nikatoa ile sauti niliyokuwa nikimwigizia matroni. Nikataja jina la bibi, nikaongeza kikohozi.

Nesi: "Pole, bibi. Kikohozi kimeanza lini?"

Mimi: "Kabla hujazaliwa, mwanangu."

Nesi akasema, "Ngoja nikuweke kwenye spika, maana bibi mwenye jina hilo nimekaa naye hapa."

NIMEKAA NAYE HAPA!! Kumbe kaenda mwenyewe kudai kipimo, wala hakumuaga mtu!

"We mjukuu," bibi akaita, "mimi nakohoa kama mbuzi?"

Nesi hoi kwa kicheko. Mimi jasho. Nesi akauliza, "Kwani haraka ya nini?"

Ikabidi nitubu. "Bibi, nimerudi na mafua ya bweni. Jumapili nilikukumbatia, nikanyamaza."

"Ulinivutia makamasi begani," akasema. "Unadhani nimefuata nini huku?"

Nesi akasoma majibu ya kipimo: bibi hana kitu!! Nimeruka kitandani mpaka chaga imevunjika.

Nesi anataka na mimi nikapimwe. Bibi kakubali, kwa sharti niingie kliniki nikiongea kwa sauti ile ile.