Mkoromo wa Shemeji Yako

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili mchana, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko uliko? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wagonjwa umepoa, au bado unakununia? Kula vizuri, na usiniambie kazi ni nyingi, maana wodi hiyo ilikuwepo kabla yako. Sisi ni wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea.

Naanzia mwisho ili usihangaike: shemeji yako yu hai, na anakula kuliko mimi.

Wiki tatu zilizopita, asubuhi, alikuwa karakana akibandua kitambaa kikuukuu kwenye kochi la mteja, pamoja na yule fundi mwenzake tunayemwita Spika kwa ajili ya sauti yake. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha mkoromo. Nilipofika mlangoni, mume wangu alikuwa chali sakafuni, nyundo bado iko mkononi.

"Tulia, shem," Spika akaniambia. "Kachoka tu huyo. Humsikii anavyokoroma? Ngoja nilete maji tummwagie."

Sasa, mdogo wangu, unajua nilivyokulalamikia mkoromo wa mtu huyu tangu niolewe. Nimeusikia akiwa na mafua, akiwa ameshiba, akiwa amenuna. Wa kwake hupanda, hukata kona, halafu huteremka kama meza inayoburutwa. Ule haukuwa wake. Ulikuja mmoja, ukakatika, ukachelewa, ukaja mwingine kama wa mtu anayeitafuta hewa asiipate. Nikamtikisa mabega, nikamwita kwa jina lake. Wapi!

Ndipo nikakumbuka ulipokuja mara ya mwisho, ukatupigisha magoti sebuleni, kila mmoja akibonyeza mto wake wa kochi kama kifua cha mtu. Tulicheka mpaka machozi, na shemeji yako akauombea mto wake upone haraka. Ukasema, "Mtu akianguka, asiitike, na pumzi zake zikawa za kukoroma, huyo hajalala. Huyo anakufa." Nasi tukaendelea kucheka.

Nikamfokea Spika aache maji yake na aite gari la wagonjwa. Nikapiga magoti, kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, nikabonyeza kwa nguvu na kwa haraka, nikikiacha kifua kirudi juu kila mara kama ulivyotukazania. Kitu kikalia kwa ndani, kah! Nikajua nimemvunja ubavu. Nililia, lakini sikuacha. Mikono ilipokufa ganzi Spika akashika zamu, akihesabu kwa sauti iliyowatoa majirani wote nje, na mmoja wao akakimbilia barabarani kulielekeza gari. Tukapokezana hivyo mpaka wahudumu wakaingia na mashine yao ya kushtua moyo. Wakamshtua mara ya kwanza, wapi. Mara ya pili moyo ukakubali.

Daktari aliuliza nani alimbonyeza kifua kabla gari halijafika. Nikasema ni mimi, ila nilifundishwa na mdogo wangu, kwenye mto. Akasema bila hivyo wasingekuta mtu wa kutibu. Ahsante, ndugu yangu wa tumbo moja. Nimetafuta neno kubwa kuliko hilo nimelikosa, basi nalirudia: ahsante.

Amerudi nyumbani tangu Alhamisi. Nyundo bado haruhusiwi kushika. Mbavu zinamuuma akicheka, na kila mgeni anaambiwa kwamba mkewe amempiga. Spika naye amewapigisha magoti mafundi wa mtaa mzima, utadhani ndiye aliyekufundisha wewe.

Mama anakusalimu sana, anataka kusikia sauti yako. Nisalimie mumeo, na wanangu uwakumbatie mmoja mmoja. Mungu akutunzie hiyo mikono, na kila unayemgusa nayo apone.

Ninapoandika, shemeji yako amejinyoosha kwenye kochi hapa karibu yangu, na anakoroma, ule wake hasa, wa kuburuta meza. Zamani ningemtupia mto. Leo nimezima redio nimsikie vizuri.

Wako akupendaye, mwenye deni la shukrani,

Dada yako