Mkebe wa Oili Ndani ya Gazeti

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba. Salamu zako zimefika hapa Shika Adabu, nasi sote twashukuru. Shangazi yako amejifungua msichana. Goti langu tu ndilo lanisumbua.

Wauliza utie gari lako oili ya sintetiki yenye jina kubwa, au ile yenye chapa ya duka. Tia uitakayo, bora ilingane na kitabu cha gari, nawe uibadilishe kwa wakati.

Miaka ya tisini babu yako na rafikiye Kombo, wote madereva wa teksi, walibishana hayo kila siku. Babu yako hakutaka ila yenye jina. Kombo, mtu wa oili ya duka, alimcheka: "Wanunua rangi ya mkebe!" Wallahi, magari yote mawili yalikwenda vizuri.

Kisha babu yako akaugua sana. Kombo akaja kubadilisha oili ya gari letu, mkononi ana mkebe wenye jina. Nilimkodolea macho.

"Shemeji, gari si langu," akanambia.

Babu yako alipopona, akataka naye kumhudumia Kombo gari lake. Nikamwona arudi na oili ya duka, kaiviringishia gazeti, madereva wenziwe wasiione.

Nyanya yako akupendaye