Mtu wa kupigiwa simu nikizidiwa

Jumatano jioni, Kabianga.

Mvua imekuja mchana kama kawaida yake, tena leo na mawe juu. Kericho mvua inajua saa kuliko mabasi. Nimejifunika blanketi, miguuni nina soksi jozi mbili, na vidole vyangu vina rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Nitaeleza mbele.

Kwanza niseme ukweli: asubuhi nimelia. Mtu mzima, mbele ya kompyuta, kwa sababu ya kisanduku.

Muhuri wangu wa mtembezi kwenye pasipoti unaisha wiki ijayo. Siku ile pale mpakani Sirari afisa aliniuliza nimekuja kufanya nini Kenya, nikamjibu matembezi, na wakati ule haukuwa uongo. Tulikuwa tumemzika mama. Nyumba yetu Shinyanga ilijaa pole. Nikienda sokoni pole, kanisani pole, hata fundi cherehani aliacha kushona nguo yangu ili anipe pole. Nikaona nitapasuka. Nikapanda basi kwenda mahali ambapo hakuna anayejua kwamba nina jambo la kupewa pole.

Nikapapata. Nyumba ndogo ya kijani, pande zote chai, kijani juu ya kijani mpaka macho yanachoka. Nilipanga kukaa wiki mbili. Kazi yangu haina mahali: natafsiri maelekezo ya mashine za kufulia kwa kampuni ya ng'ambo, na bosi wangu namjua kwa picha ya duara tu. Kwa hiyo wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukazaa wenzake, na mimi nikiwa mtembezi asiyetembea.

Nilitaka kukaa peke yangu. Jamani, nimekaa mpaka basi.

Kuna siku sauti yangu mwenyewe inanishtua. Nimezungumza na birika. Nimemsimulia paka wa watu mambo ya ukoo wetu mpaka akaondoka. Na bado sitaki kurudi, kwa sababu kule kuna kitanda cha mama na ndugu wanaogombea nani achukue kabati. Huku angalau baridi ni yangu.

Basi nikaamua niombe kibali cha watu wanaofanya kazi kwa mbali, nikae kihalali, niache kuruka kila gari la serikali linapopita. Mkataba wa kazi ninao. Cheti cha polisi kutoka nyumbani ninacho. Nikajaza na kujaza, nikijiona mjanja, nikafika kwenye kisanduku hiki: mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura.

Vidole havikuniuliza. Viliandika jina la mama na namba yake, na kwenye uhusiano vikaandika "mama". Nimejaza fomu maisha yangu yote hivyo, tangu shule. Nikakodolea macho ile namba. Namba ya mtu asiyepokea.

Ndipo nikalia.

Nilipofuta nikaona maandishi madogo chini: mtu huyo awe anaishi Kenya. Nikafungua simu nitafute. Majina ya Kenya niliyonayo ni haya: Maziwa, Gesi, Boda, Maji. Mwenye nyumba yupo Nakuru, sura yake siijui. Nikizidiwa usiku wampigie nani? Gesi?

Palikuwa na mtu mmoja. Ni kumwendea tu nilikuwa naona aibu.

Ni jirani wa ng'ambo ya njia, mama wa makamo anayeitwa Mama Chelangat. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananijibu "mzuri sana", tunaachana hapo. Mara mbili aliwahi kuniita shambani kwake nikachume chai na wanawake wenzake. Na mara zote mbili nilimkatalia, tena kwa adabu zote, nikimweleza kwamba mimi ni mgeni, sheria hainiruhusu kufanya kazi ya hapa, na kwamba hata kibali ninachokitaka kinakataza kuajiriwa na wenyeji. Nilikuwa nimeyasoma masharti yale kama Zaburi. Aliniangalia, akasema "haya", akaenda zake. Hakuita tena.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililetewa hadi mlangoni, nikalikataa kwa kutaja kifungu cha sheria! Kama mama angekuwepo angenifinya.

Nikavaa koti, nikavuka njia. Walikuwa watano au sita wamezama kwenye chai hadi kiunoni, nailoni zimefungwa mbele kama aproni, vikapu mgongoni. Nikasimama pembeni nikaanza hotuba yangu: samahani mama, nina shida ndogo, kuna fomu...

"Hapa hatuongei na mtu amesimama barabarani," Mama Chelangat akasema bila kuinua kichwa. "Ingia."

Nikamwambia naogopa, serikali ikinikuta.

Wakacheka! Mmoja alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwani nani amesema utalipwa?" akaniuliza Mama Chelangat. "Hii ni morik. Leo ni kwangu, kesho ni kwa Mama Kiprono. Hakuna mtu analipa mtu."

Yaani ni kusaidiana kwa zamu, vile vile kama tunavyolima kwetu Usukumani. Hakuniita kazini hata siku moja. Aliniita kwenye watu. Nami nikamjibu kwa sheria za uhamiaji.

"Sisi tulisema labda unajiskia," Mama Kiprono akaongeza, huyo aliyeshika kiuno. "Wengine wakasema hapana, labda hana mikono."

Nikaingia. Majani mawili na kichipukizi, ndivyo walivyonifundisha, na usivute, vunja. Nilikuwa mbovu. Kikapu changu kilikuwa na majani ya kutosha birika moja, na mengine wakayatupa wakisema lori la kiwanda litayakataa. Walikuwa wakiongea Kipsigis juu ya kichwa changu, wakicheka, na sikuelewa hata neno. Lakini nilikuwa katikati ya maneno ya watu, sijui niseme vipi. Mgongo uliniuma kwa raha.

Mawe yalipoanza tukakimbilia barazani kwake. Wenzake wakaenda kwenye moto jikoni, tukabaki wawili na vikombe vya chai ya maziwa. Hapo ndipo nikamwambia habari ya kisanduku. Nikamwambia na habari ya mama, sikupanga, ilitoka tu. Mtu wa kwanza huku. Hakuniambia pole. Aliniongeza chai.

Kisha akanipa namba yake, akanitajia na jina lake, polepole, nisikosee: Rael Cherotich. Miezi yote hii sikujua kwamba Mama Chelangat ana jina lake. Nikamuuliza kwenye uhusiano niandike nini.

"Si mimi ni jirani? Andika jirani."

Nikadhani yameisha, naye akaingia ndani, akarudi na kadi yake ya kliniki ya presha. Akanionyesha mstari ambao muuguzi humsumbua nao kila akienda, jina la mtu wa karibu wa kupigiwa. Uko mtupu.

"Chelangat ako Qatar," akasema. "Wakimpigia atafanya nini, ataruka? Sasa na mimi nitaweka wewe. Unaitwa nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hapa. Kwa Maziwa mimi ni Mtanzania, kwa Boda ni Madam. Nikasema Milembe. Akalirudia, akalikosea kidogo, akalirudia tena likakaa sawa. Mara ya mwisho kulisikia likitamkwa na mama wa rika lile ilikuwa hospitali, Shinyanga.

Akaniambia niliandike mwenyewe, macho yake hayaoni vizuri. Nikaandika jina na namba yangu, na rangi ya majani ikabaki kwenye kadi.

Nimerudi nyumbani nikamalizia fomu. Jina, namba, jirani. Nikabonyeza tuma. Wamejibu kwa ujumbe wa mashine kwamba ombi limepokelewa na nisubiri. Punde simu ikalia mara moja ikakatika. Ni yeye, alikuwa anafleshi aone kama namba niliyompa ni ya kweli.

Nyumba ni ile ile. Birika lile lile, na paka hajarudi. Upweke haukuondoka kwa kikapu kimoja cha chai, nisijidanganye, na usiku huu nitakula peke yangu kama jana. Ila jana wangenikatalia kibali ningefunga begi tu, na hakuna hapa ambaye angejua kwamba nimeondoka isipokuwa Gesi. Leo kuna mama mwenye presha, mtoto yuko Qatar, na mstari wake umejazwa jina la mtu ambaye wiki ijayo huenda akatolewa nchini.

Mungu wangu, wasinikatalie. Sasa ndiyo naogopa kweli.

Kesho ni zamu ya Mama Kiprono. Nimeambiwa nije mapema, na nitafute gambuti.